Mchagua Jembe: Mhusika na Mchezaji Katika Gemu za Kupigana

Tarehe 1 Agosti 2004, katika chuo kikuu kimoja kule Pomona, California, vijana wawili walikuwa wameketi mbele ya umati wenye kelele. Mmoja alikuwa Justin Wong wa New York, mwingine Daigo Umehara wa Japani. Mashindano yaliitwa Evo, na gemu ilikuwa Street Fighter III: 3rd Strike. Mhusika wa Daigo, Ken, alikuwa hoi. Uhai wake ulikuwa umebaki kama uzi, na katika gemu hii mapigo maalumu hukupunguzia uhai kidogo hata ukiyakinga. Yaani Ken asingeweza hata kukinga. Justin aliliona hilo, akamwamuru Chun-Li aachie pigo lake kubwa, mateke 15 mfululizo.

Daigo alipangua yote 15. Kupangua katika 3rd Strike ni kusukuma fimbo kulifuata pigo, kwa wakati ulio sawasawa, kila teke na mpanguo wake. Ukikosea mara moja umekwisha. La mwisho alilipangua akiwa hewani, akatua, akamjibu Chun-Li kwa mfululizo wa mapigo uliommaliza. Umati ukapagawa. Video ya sekunde zile chache bado inazunguka intaneti hadi leo.

Kwa watu wengi, video ile imefunga mjadala: mchezaji ndiye kila kitu, mhusika ni nguo tu anayoivaa. Wahenga wetu nao walishasema, mchagua jembe si mkulima. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na kila niliposikia mtu anasingizia mhusika nilimwona analia tu. Lakini historia ya gemu hizi ukiifuata tangu mwanzo utaona kuna kitu methali yetu imekiacha nje. Hata siku ile ya Pomona haikuishia pale video inapoishia. Tutarudi huko.

Humu tumezoea kuzungumzia wahusika wa riwaya na tamthilia. Mhusika wa gemu ya kupigana ni kiumbe wa namna nyingine kidogo. Mwandishi wake anampa mwili, kasi, urefu wa mkono na mapigo kadhaa, halafu anamwacha mikononi mwa mtu asiyemjua. Hapo ndipo gemu hizi zinapoachana na michezo ya mezani tuliyoizoea barazani. Kwenye bao kila mmoja anapewa kete 32. Kwenye drafti kete zako na zangu ni sawa. Ukinifunga, umenifunga wewe. Gemu za kupigana zilivunja usawa huo kwa makusudi.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter II kwa mashine za kumbi za gemu. Ilikuwa na wahusika 8 wa kuchagua, na kila mmoja alipigana kwa mtindo wake. Kitu ambacho wengi wamekisahau ni kwamba katika toleo lile la kwanza wachezaji wawili hawakuruhusiwa kuchagua mhusika mmoja. Akishamchukua Guile, wewe tafuta mwingine. Ilibidi wasubiri hadi toleo la Champion Edition, mwaka 1992, ndipo Guile aliweza kukutana na Guile. Kwa hiyo mwanzoni kabisa, kutolingana kulikuwa ni sheria ya mchezo.

Sasa mfikirie Zangief, mwanamieleka wa Kisovieti, jitu la miraba minne, lakini taratibu. Akikukamata, anakubeba na kukupigiza chini, na sehemu kubwa ya uhai wako inaondoka. Ila lazima akufikie kwanza. Guile, mwanajeshi wa Marekani, hana haja ya kusogea. Anakaa upande wake, anatupa wimbi la hewa, na Zangief akiruka kulikwepa, anakutana na teke linalopanda juu. Akirudi chini anaanza safari upya. Kumbi zile zilikuwa na kanuni moja: aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anatoa sarafu nyingine. Mpenzi wa Zangief alizilipia safari zile kwa hela yake mwenyewe. Sasa nani angemlaumu kwa kusema, "Bwana, huyu Guile hafai"?

Wajapani, kwa tabia yao ya kuandika kila kitu, wakaanza kutengeneza majedwali. Wahusika wote juu, wahusika wote pembeni, na kwenye kila kisanduku namba. Majedwali hayo huitwa daiyaguramu, na namba zake husomwa hivi: 5 kwa 5 maana yake pambano lina usawa, 7 kwa 3 maana yake katika mechi kumi mmoja atashinda saba. Kutoka hapo zikaja orodha za madaraja, nani yuko juu, nani yuko chini, nani hafai hata kuguswa.

Namba hizo zinabeba sharti ambalo halikai ndani ya kisanduku: ujuzi wa wachezaji wote wawili uwe sawa. Nani amewahi kuwaona watu wawili wenye ujuzi ulio sawa kabisa? Jedwali linazungumzia watu wawili wa kufikirika. Mtu wa kweli anapoketi kwenye kiti, anakuja na macho yake, usingizi wake wa jana, na miaka yake ya kumsoma mpinzani. Kwa hiyo anayesema "nimefungwa kwa sababu ni 7 kwa 3" anakopa namba ya watu wengine kuelezea mechi yake mwenyewe. Inawezekana ana haki, inawezekana anajificha, na jedwali peke yake haliwezi kutuambia lipi ni lipi.

Kabla hatujamcheka, tukumbuke kwamba wakati mwingine jumuiya nzima ilikubali kuwa jembe linaweza kumshinda mkulima. Mwaka 1994 ilitoka Super Street Fighter II Turbo, na ndani yake alifichwa mhusika aitwaye Akuma. Kumpata ilibidi ujue mpangilio wa siri wa kubonyeza. Akuma aliweza kurusha moto kuelekea chini akiwa hewani, na wahusika wengi hawakuwa na jibu la maana. Hapo suala la kujituma zaidi halikuwepo. Ndiyo maana Marekani mashindano yalimpiga marufuku, na Japani wachezaji wakaelewana tu kutomtumia. Watu walewale waliokuwa tayari kuvumilia Guile dhidi ya Zangief kwa miaka walikataa huyu mmoja. Mpaka ule haukuchorwa na Capcom. Waliuchora wachezaji wenyewe, baada ya kujaribu kila njia na kuona hakuna pa kupita.

Upande wa pili kuna Marvel vs. Capcom 2, ya mwaka 2000. Wahusika 56, na kila mchezaji anachagua watatu. Ungetegemea kuona sura mpya kila siku. Wapi! Wachezaji wakubwa waliwagundua wanne waliowazidi wengine, yaani Magneto, Storm, Sentinel na Cable, na mashindano yakajaa hao kwa miaka. Wengine, kwa makumi, walibaki kama wasindikizaji wa arusi. Jedwali lilishinda, sivyo?

Tazama lakini nani alikuwa anabeba mataji. Wale wanne walikuwa wazi kwa kila mtu. Hakuna aliyekatazwa kumchagua Storm. Hata hivyo Justin Wong, huyu huyu wa Pomona, alitwaa ubingwa wa Evo wa gemu hiyo mara kadhaa. Mahali ambapo kila mtu anaweza kushika jembe lililo bora, jembe linaacha kueleza chochote, na kilichobaki ni mkono unaolima. Hapo methali yetu inasimama wima kabisa. Ila angalia imesimama juu ya nini: kwanza jembe bora lilipatikana, likachaguliwa, ndipo mkulima akaonekana.

Turudi sasa Pomona. Daigo alimshinda Justin, na hapo ndipo video inakatika. Lakini lile pambano halikuwa fainali ya mwisho. Baada yake Daigo alikwenda kukutana na Mjapani mwenzake aitwaye KO, na KO akamfunga. Bingwa wa 3rd Strike wa Evo 2004 ni KO, na mhusika wake alikuwa Yun. Ukiwauliza wajuzi wa gemu hiyo, wengi watakutajia walioko kileleni hivi: Chun-Li na Yun juu, Ken nyuma yao kidogo. Siku ile Ken alivunja matarajio mara moja, kwa namna ambayo dunia haitasahau, kisha kwenye mechi ya taji akaanguka mbele ya mmoja wa wale waliokuwa juu yake.

Sisemi KO alibebwa na Yun. Kumchezesha Yun katika kiwango kile ni kazi ya miaka. Ninachosema ni kwamba tumeuchagua mwisho unaotupendeza. Tumechukua sekunde chache za ujuzi mtupu tukaziita historia nzima, na jina la bingwa likabaki kwa wachache wanaofuatilia. Wapenzi wa hadithi tunaujua vizuri huu ugonjwa.

Hata zile sekunde zenyewe, ukizitazama kwa utulivu, haziko upande mmoja. Justin hakufanya upuuzi. Alifanya jambo ambalo hesabu ilimwelekeza: mpinzani hawezi kukinga, piga pigo refu, umalize. Na Daigo, ili kulijibu, ilibidi alijue pigo la Chun-Li kuliko hata baadhi ya wanaomtumia Chun-Li, mdundo wake wote hadi teke la mwisho. Teke la kwanza lilitaka awe ameshaanza kusukuma fimbo kwa kubashiri. Ujuzi wake ulikuwa ni ujuzi wa pambano lile, Ken dhidi ya Chun-Li, uliofanyiwa mazoezi mpaka ukaingia vidoleni.

Hapo ndipo nilipobadilika mawazo. Tunapouliza "mhusika au mchezaji?" tunajifanya kana kwamba ni mizani yenye sahani mbili. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi wa mchezaji ni kuwajua wahusika, na namba kwenye jedwali ni ripoti ya vile wachezaji wamejua mpaka leo. Anayeweza kuibadilisha ripoti hiyo ni mtu anayechimba zaidi ya wenzake.

Na wapo. Super Smash Bros. Melee ilitoka mwaka 2001. Yoshi, yule mjusi wa kijani, hakuhesabiwa miongoni mwa wahusika wa kubebea mataji. Mchezaji wa Japani anayejiita aMSa akang'ang'ana naye tu mwaka baada ya mwaka, akitumia uwezo wa Yoshi ambao wengi waliuona mgumu mno kuutegemea. Mwaka 2022 alishinda mashindano makubwa ya The Big House 10. Gemu ilikuwa na umri wa miaka 21, na kwa miaka mingi haikuwa imeguswa na watengenezaji wake.

Mwaka 2019 likaja jambo kubwa zaidi. Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, alishinda Tekken 7 kwenye Evo Japan, kisha Evo ya Las Vegas mwaka huohuo. Dunia ya Tekken ilikuwa imezoea kuitazama Korea na Japani. Arslan akawaambia watu kwamba nyumbani kwao kuna wengine wakali kama yeye. Baadhi ya vigogo wa Korea walipokwenda wenyewe kukutana nao, waliona kwamba hakuwa anajisifu. Majedwali yote yaliyoandikwa kabla yake yalikuwa yameandikwa bila Lahore.

Siku hizi kampuni hurekebisha gemu kupitia intaneti. Mhusika dhaifu anaongezewa nguvu, mwenye nguvu anapunguzwa. Ni haki, na ninaipenda. Lakini mtu anayefungwa leo anaweza kukaa na kusubiri marekebisho ya mwezi ujao, na aMSa hakuwa na mwezi ujao wa kusubiri. Alikuwa na Yoshi yuleyule, jinsi alivyo.

Kwa hiyo mchagua jembe ni mkulima vilevile, na kuchagua ni sehemu ya kilimo. Yupo anayechagua jembe bora na kulitendea haki, kama KO. Yupo anayeshika lililopuuzwa na kulinoa miaka mingi. Ninayemwonea shaka ni yule anayelisema jembe vibaya kabla hajalichovya udongoni. Nimewahi kuwa yeye, tena kwa muda mrefu, na namba za jedwali nilizijua zote kwa kichwa.