Uhalifu na usalama wa raia nchini Ekuador

Ekuador, iliyohesabiwa miongoni mwa nchi tulivu za Amerika Kusini hadi mwishoni mwa miaka ya 2010, ilishuhudia kiwango chake cha mauaji, yaani idadi ya watu wanaouawa kwa makusudi kila mwaka kwa kila wakazi 100,000, kikipanda kutoka takriban 6 mwaka 2018 hadi zaidi ya 40 mwaka 2023. Jiografia ina sehemu yake, kwa kuwa nchi hiyo imepakana na Kolombia na Peru, wazalishaji wakuu wa kokeini, na makontena ya ndizi yanayopakiwa katika bandari ya Guayaquil hutumiwa kuficha kokeini hiyo inayopelekwa Ulaya. Mipaka hiyo, hata hivyo, si mipya. Kilichobadilika zaidi ni nguvu ya magenge kama Los Choneros na Los Lobos, ambayo yaliyageuza magereza kuwa makao yao, na ambayo ugomvi wao uliua mamia ya wafungwa kuanzia mwaka 2021. Januari 2024, baada ya watu wenye silaha kuvamia studio ya televisheni mjini Guayaquil matangazo yakiwa hewani, Rais Daniel Noboa alitangaza kuwapo kwa vita vya ndani, hali ya kisheria inayoruhusu jeshi kupambana na magenge. Mauaji yalipungua mwaka huo, yakapanda tena mwaka 2025.