Mcheza Sinema wa Ramapuram

Katika miji yetu ya Kenya, mtu akisema kwamba jana alitazama picha ya Kihindi, wasikilizaji wake hawamwulizi zaidi. Wengi hudhani kwamba India ina lugha moja, na sinema za namna moja, na mji mmoja tu wa kuzitengenezea, yaani Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Sivyo hata kidogo. Nchi ile ina lugha nyingi zenye maandishi yake zenyewe na vitabu vya tangu kale, na karibu kila lugha kubwa ina sinema zake. Mojawapo ni Kitelugu, lugha ya watu wa kusini-mashariki ya India. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2011, waliosema kwamba Kitelugu ndiyo lugha yao ya kwanza walizidi milioni 80. Nataka kusimulia habari za mtu aliyecheza katika sinema za lugha hiyo kwa miaka zaidi ya 70, kwa sababu mtu akiyafuata maisha yake huona pia jinsi taifa zima lilivyopigania kuwa na kwao.

Jina lake ni Akkineni Nageswara Rao. Kwa desturi ya Watelugu jina la ukoo hutangulia, basi Akkineni ni jina la ukoo, na Nageswara Rao ndilo jina lake mwenyewe. Alizaliwa mwezi wa Septemba katika miaka ya 1920, kijijini Ramapuram, karibu na mji mdogo wa Gudivada katika wilaya ya Krishna. Ni nchi tambarare ya mpunga, inayonyweshwa na mto Krishna kabla haujamwaga maji yake baharini. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali, naye alikuwa kitinda mimba katika ndugu watano wa kiume. Elimu yake ya shule haikupita masomo ya msingi.

Siku zile michezo ya jukwaani ilipendwa mno vijijini. Vikundi vya wachezaji vilizunguka huku na huku, vikicheza usiku hadithi za Ramayana na Mahabharata na habari za wafalme na watawa wa zamani. Lakini mwanamke kupanda jukwaani mbele ya watu kulihesabiwa kuwa aibu kubwa, kwa hiyo sehemu za malkia na za mabinti wa wafalme zilichezwa na wavulana wenye sura laini. Mama yake Nageswara Rao alitambua kipawa cha mwanawe, akamtia moyo. Basi mtoto wa mkulima akavaa sari na bangili, akajifunza kutembea kama mwanamke, kulia kama mwanamke, na kuficha hasira kama alivyoificha mwanamke wa wakati ule mbele ya wakwe zake. Msomaji asicheke. Mimi naona kwamba shule yake ya kweli ilikuwa pale. Wachezaji wengi wanaume wa miaka ile walipotaka kuonyesha huzuni walipaza sauti na kupiga vifua. Yeye alijua tangu utotoni kwamba huzuni yaweza kuonekana katika namna ya kuinua macho.

Mwaka wa 1941 alipata sehemu ndogo katika sinema moja, nayo haikumletea sifa. Bahati yake ilimjia baadaye, katika stesheni ya gari la moshi ya Vijayawada. Mwongozaji wa sinema aitwaye Ghantasala Balaramayya alimwona kijana huyu stesheni, akapendezwa na uso wake, akamwita Madras. Sinema aliyompa ilitoka mwaka wa 1944, na ndani yake Nageswara Rao hakuwa mwanamke tena: alikuwa Rama mwenyewe, shujaa wa Ramayana.

Hapa yafaa tuulize kwa nini kijana Mtelugu, ili acheze sinema ya Kitelugu, alipaswa kwenda Madras, mji ambao wenyeji wake wengi husema Kitamil. Sinema ya kwanza yenye sauti katika Kitelugu, Bhakta Prahlada, ilitoka mwaka wa 1932, nayo ilitengenezwa Bombay. Baada ya hapo kazi ilihamia Madras, kwa sababu mitambo ilikuwa huko, na matajiri, na mafundi wa kamera na wa kusafisha filamu. Tena Waingereza walikuwa wameitia sehemu kubwa ya nchi ya Watelugu chini ya serikali ya Madras, hata mji huo ukawa makao makuu yao, wapende wasipende. Studio zilitumiwa na lugha zote kwa zamu. Mfano mzuri ni Mayabazar ya mwaka wa 1957, iliyoongozwa na K. V. Reddy, ambayo Watelugu wengi huihesabu kuwa sinema yao bora kupita zote. Ilitengenezwa mara mbili katika studio zile zile: katika Kitelugu kijana Abhimanyu alichezwa na Nageswara Rao, na katika Kitamil alichezwa na mtu mwingine, Gemini Ganesan. Ilikuwa biashara nzuri. Lakini sinema ya Watelugu ilikuwa kama mpangaji katika nyumba ya jirani, na mpangaji, hata akilipa vizuri, hapigi msumari ukutani bila kuomba ruhusa.

Mwaka wa 1953 ndio uliomfanya Nageswara Rao ajulikane kila mahali, kwa sinema iitwayo Devadasu. Hadithi yake ilitoka katika kitabu cha Mbengali, Sarat Chandra Chattopadhyay. Devadasu, mtoto wa tajiri, ampenda Parvati, rafiki yake wa utotoni. Wazazi wakataa kwa sababu ya cheo na mali. Parvati aozwa mzee mwenye watoto wakubwa. Na Devadasu ajiua polepole kwa ulevi, hata mwisho afia mlangoni kwa Parvati bila kumwona. Waliposikia kwamba sehemu hiyo amepewa Nageswara Rao, wapo waliotia shaka. Walimjua kwa michezo ya mashujaa na ya wakulima wachangamfu, nao hawakuamini kwamba mtu wa namna hiyo ataweza kubeba msiba mzito kama ule. Tena hadithi hiyo ilikwisha chezwa kwa Kihindi na mwimbaji mashuhuri K. L. Saigal, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kumlinganisha naye.

Yeye alimcheza mlevi bila kuyumbayumba sana. Macho yake mazito, na sauti ya mtu aliyechoka kuishi, vilitosha. Alicheza katika Kitelugu na katika Kitamil pia, na pande zote mbili watu walitoka katika majumba ya sinema wakifuta machozi. Hapana budi kumtaja Savitri, aliyekuwa Parvati, maana huzuni ya Devadasu isingalikuwa na maana bila ya uso wake. Na Ghantasala Venkateswara Rao, mwimbaji aliyempa Nageswara Rao sauti katika nyimbo. (Huyu si yule mwongozaji wa stesheni, ingawa majina yao yakaribiana.) Mwanzoni Nageswara Rao aliimba mwenyewe, kama walivyofanya wachezaji wote wa zamani, kisha akakubali kwamba kuna mtu aimbaye vizuri kuliko yeye. Si kila mchezaji awezaye kukubali jambo hilo.

Mwaka ule ule wa Devadasu jambo jingine kubwa lilitukia. Watelugu walikuwa wamedai kwa muda mrefu wapewe jimbo lao wenyewe, litakalotumia lugha yao shuleni na mahakamani. Serikali ya Delhi ilisitasita. Mnamo Oktoba 1952 mtu mmoja mpole, Potti Sriramulu, mfuasi wa Gandhi, alianza kufunga chakula katika mji wa Madras kwa ajili ya dai hilo. Alikaa karibu miezi miwili bila kula, akafa tarehe 15 Desemba 1952. Ghasia zikaenea katika nchi ya Watelugu. Tarehe 1 Oktoba 1953 jimbo la Andhra lilizaliwa, lakini mji wa Madras haukuwamo. Ulibaki kwa Watamil. Tarehe 1 Novemba 1956 jimbo hilo liliunganishwa na nchi za Kitelugu zilizokuwa zikitawaliwa na Nizam wa Hyderabad hata mwaka wa 1948, likaitwa Andhra Pradesh, na Hyderabad ukawa mji mkuu.

Basi Watelugu walikuwa na jimbo, na bunge, na mji mkuu, lakini sinema zao ziliendelea kutengenezwa ugenini. Watayarishaji hawakuona sababu ya kuhama. Hyderabad ulikuwa mji wa majumba ya kifalme na wa lugha ya Kiurdu. Studio zake zilikuwa chache, na mafundi wake hali kadhalika. Mtu aliyetaka kupiga picha huko alilazimika kuchukua karibu kila kitu kutoka Madras, tangu taa hata wacheza ngoma, kwa gharama yake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Nageswara Rao alihamia Hyderabad pamoja na jamaa yake, akawaambia watayarishaji kwamba anayemtaka amfuate huko. Mchezaji mdogo angalisema maneno hayo, angalisahauliwa kabla ya mwezi kwisha. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Watu hawamngojei mcheza sinema. Kila mwaka sura mpya hutokea, na picha mbili tatu zikianguka, basi. Lakini walimfuata. Mwaka wa 1966 alicheza watu tisa mbalimbali katika sinema moja, Navaratri, na mwaka wa 1971 Prem Nagar na Dasara Bullodu zilijaza majumba ya sinema.

Mwaka wa 1974 ulikuwa mbaya. Ghantasala, aliyekuwa sauti yake kwa robo karne, alifariki mwezi wa Februari. Kisha moyo wa Nageswara Rao mwenyewe uliugua, akapelekwa Marekani akapasuliwa. Watu wengi walidhani kwamba kazi yake imekwisha: alikuwa mtu wa makamo, tena alikuwa ndiye aliyewazoesha Watelugu kumwona shujaa wa sinema akicheza ngoma kwa miguu myepesi, na sasa daktari amefungua kifua chake. Angaliweza kukaa nyumbani na kula matunda ya kazi yake. Badala yake alipata shamba la majabali la ekari 22 hivi pembeni ya Hyderabad, mahali ambapo wakati huo palikuwa mawe na vichaka, akajenga studio. Ilifunguliwa Januari 1976, naye akaiita Annapurna, jina la mkewe. Huu ndio ujasiri ninaoustahi zaidi kuliko ule wa kucheza Devadasu. Mchezo ukiharibika, mchezaji hupoteza sifa. Studio ikikosa wateja, ingalipoteza nyumba ya watoto wake.

Wateja walikuja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Hatua kwa hatua watengenezaji wa sinema za Kitelugu walihama Madras, na wengine wakajenga studio zao Hyderabad. Pale palipokuwa majabali sasa ni katikati ya mji.

Mtu hawezi kumtaja Nageswara Rao bila kumtaja N. T. Rama Rao, mwenzake na mshindani wake, aliyezaliwa katika wilaya ile ile ya Krishna. Walicheza pamoja katika sinema 14. Rama Rao alikuwa na sura na sauti ya wafalme na miungu, na wanavijiji walimwona hivyo hasa. Mwaka wa 1982 alianzisha chama cha siasa, na Januari 1983 akawa mkuu wa serikali ya Andhra Pradesh. Wengi walitazamia kwamba Nageswara Rao naye ataingia siasa. Hakuingia. Alibaki katika kazi yake, akikubali uzee ulipokuja. Mwaka wa 1991, katika sinema iitwayo Seetharamaiah Gari Manavaralu, alicheza babu aliyekosana na mwanawe, ambaye mjukuu wake arudi kutoka Marekani akimficha habari kwamba mwanawe huyo amekwisha kufa. Wapo wasemao kwamba hiyo ni bora kuliko Devadasu, nami siwabishii. Serikali ya India ilimpa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka wa 1990, ambayo ndiyo heshima kuu ya sinema nchini humo, na katika mwaka wa 2011 nishani ya Padma Vibhushan. Gudivada, karibu na kijiji alikozaliwa, kuna chuo kiitwacho kwa jina lake, ambacho alikisaidia kwa fedha zake mtu huyu ambaye yeye mwenyewe hakupata kukaa katika darasa la sekondari.

Mnamo Oktoba 2013 aliwaita waandishi wa magazeti akawaambia, bila kuficha, kwamba ana ugonjwa wa saratani. Wakati huo alikuwa akicheza katika sinema iitwayo Manam pamoja na mwanawe Nagarjuna na mjukuu wake Naga Chaitanya. Alihofia kwamba sauti yake itatiwa na mtu mwingine, akahakikisha kuwa maneno yake yote yamerekodiwa yeye angali na nguvu ya kuyasema. Alifariki tarehe 22 Januari 2014, akiwa ameacha sinema zaidi ya 250, na mwili wake ukalazwa katika studio yake ili watu wapite kumuaga.

Manam ilitoka tarehe 23 Mei 2014. Siku 10 baadaye, tarehe 2 Juni, jimbo la Andhra Pradesh liligawanywa mara mbili. Ramapuram ilibaki katika Andhra Pradesh. Hyderabad, pamoja na studio ya Annapurna, ukawa katika jimbo jipya la Telangana.