Chui Anayeonwa na Mmoja: Calvin and Hobbes na Suala la Mtazamo

Mwalimu mwenzangu, mpe mtahiniwa wako ukurasa mmoja wa Calvin and Hobbes kisha umwulize Hobbes ni nani. Aghalabu atakujibu kwa neno moja: tashihisi. Mnyama anasema, anatembea kwa miguu miwili, anapenda samaki wa mkebe. Basi msanii amempa mnyama sifa za binadamu, alama zitolewe, twende swali linalofuata. Jibu hilo halitoshi. Na tukichunguza kwa nini halitoshi, tutaelewa pia kwa nini katuni iliyokoma kuchorwa mwaka wa 1995 ingali inasomwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Tutazame historia yake kwanza. Bill Watterson alizaliwa mwaka wa 1958, akalelewa katika mji mdogo wa Chagrin Falls, jimbo la Ohio, Marekani. Alisomea sayansi ya siasa katika chuo cha Kenyon, akahitimu 1980, kisha akaajiriwa na gazeti la Cincinnati Post kuchora katuni za kisiasa. Kazi hiyo haikufika mbali. Aliachishwa kabla ya mwaka kwisha. Akajikimu kwa kusanifu matangazo ya biashara, huku akituma mapendekezo ya katuni kwa mashirika yanayozisambaza magazetini, nayo yakimrudia. Shirika moja, United Feature Syndicate, liligundua kwamba wahusika wawili wa pembeni katika pendekezo lake, mtoto na mwanasesere wake wa chui milia, ndio hasa waliokuwa na uhai, likamshauri awakuze. Hata hivyo lilitaka pia aingize mle ndani mhusika mwingine, roboti ambaye tayari alikuwa amepangiwa kuuzwa madukani. Watterson akakataa. Hakuwa na jina wala mapato ya kujivunia, lakini akakataa. Likumbuke jambo hili, tutalirejelea.

Universal Press Syndicate ndiyo iliyoipokea kazi, na katuni ya kwanza ikatoka tarehe 18 Novemba 1985. Calvin, mvulana wa miaka sita, anamnasa chui kwa mtego uliotiwa chambo cha mkate wenye samaki. Kwa miaka kumi hakuongeza hata siku moja ya umri. Katuni zilizochorwa zilikuwa 3,160, na mwishoni zilikuwa zikichapwa katika magazeti zaidi ya 2,400 ulimwenguni.

Majina yamewapoteza wahakiki wengi. Calvin ameitwa kwa jina la Jean Calvin, mwanatheolojia wa karne ya 16; Hobbes kwa jina la Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza aliyeishi kati ya 1588 na 1679 na ambaye hakuwa na imani kubwa na tabia ya binadamu. Mtahiniwa asikimbilie kuandika kwamba haya ni majazi na kuanza kutafuta mafundisho ya kidini katika kila kisanduku. Ni utani wa mtu aliyesoma sayansi ya siasa. Vivyo hivyo mwalimu wa Calvin, Miss Wormwood, amepewa jina la shetani mwanagenzi katika kitabu cha C. S. Lewis cha 1942. Sisi walimu hatuna budi kulimeza hilo.

Sasa turudi kwa Hobbes. Katika ngano zetu, sungura anapomlaghai fisi, hakuna mhusika yeyote anayeshangaa kwamba sungura anasema. Ulimwengu mzima wa ngano umekubali. Hiyo ndiyo tashihisi tuliyoizoea: ni mkataba baina ya msimulizi na hadhira, na wahusika wote wanauheshimu. Katika Calvin and Hobbes mkataba huo umevunjika katikati. Calvin anapokuwa peke yake na Hobbes, tunachorewa chui mrefu, mwenye macho, mkia na maoni. Mama anapoingia chumbani, katika kisanduku hicho hicho tunaona kitambaa kilichojazwa pamba, kimeegemea mto. Hakuna maelezo wala mstari wa kutenganisha ndoto na uhalisia. Mchoro hubadilika kulingana na anayetazama.

Kwa hivyo swali la kifani hapa si "mnyama amepewa sifa gani za binadamu?" Swali ni "tunaona kwa macho ya nani?" Tunazungumzia mtazamo wa usimulizi, mbinu ambayo watahiniwa wengi wanaihusisha na riwaya pekee, ambayo hapa imefanywa kwa wino na brashi bila msimulizi kusema neno. Msomaji wa Taifa Leo aliyemzoea Juha Kalulu wa Edward Gitau anajua jinsi visanduku vichache vinavyoweza kuchekesha kutokana na ujuha wa mhusika. Kwa Calvin kicheko kinatoka kwingine: kwenye pengo baina ya anachokiona yeye na wanachokiona wazazi.

Kuna watakaosema kwamba fumbo hili ni rahisi: mtoto anawaza, mwanasesere ni mwanasesere, basi. Wakitumie kisa ambamo Calvin anajaribu kuwa bingwa wa kujifungua kamba. Anamwomba Hobbes amfunge kitini, anashindwa kujinasua, na baba anamkuta amefungwa barabara. Baba haelewi mtoto amewezaje kujifunga hivyo peke yake. Msanii angeweza kutupa jibu kwa kisanduku kimoja tu, lakini hakutupa. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba hamwoni Hobbes kuwa mwanasesere anayepata uhai kimiujiza, wala kuwa zao la mawazo ya Calvin tu. Calvin anaona hivi, wengine wanaona vile, na kila upande una mantiki yake.

Ubunifu wa Calvin wenyewe haugharimu kitu. Boksi moja la karatasi ngumu likipinduliwa ni mashine ya kumgeuza mtu kuwa mnyama. Likilazwa ubavu linatoa nakala za mtu. Likisimamishwa wazi juu ni chombo cha kusafiria wakati. Mtoto aliyewahi kuendesha gari la waya hahitaji kufafanuliwa. Tazama pia ufundi wa mchoro: nyumba na darasa huchorwa kwa mistari michache, ilhali dinosaria na sayari ngeni anazozuru Spaceman Spiff huchorwa kwa uangalifu wa mtaalamu. Uhalisia umepewa kilichowazwa. Nalo darasa linapogeuka sayari, zimwi linalomfukuza ni mwalimu.

Lakini usimfundishe mwanafunzi kwamba katuni hii inasifu kukimbia ukweli. Mnamo 1987 Calvin anampata mtoto wa rakuni, mnyama mdogo wa porini, akiwa ameumia. Nyumba nzima inamhudumia. Asubuhi mnyama amekufa. Hakuna boksi linalopinduliwa, hakuna Spiff. Mtoto analia, anauliza maswali ambayo wazazi hawana majibu yake, na Hobbes yupo kando yake. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kazi hii ilipopita vichekesho vya gazeti.

Tulikumbushana juu ya yule roboti. Katuni ilipopata umaarufu, shirika lilitaka kuuza sura za wahusika: fulana, vikombe, vibonzo vya televisheni, na bila shaka wanasesere wa Hobbes. Mkataba ulilipa shirika haki hiyo. Majirani walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Snoopy wa Charles Schulz, katika Peanuts, alikuwa ameuzwa kwa kila umbo linalouzika. Watterson alibishana na shirika lake kwa miaka, hadi mwaka wa 1991 mkataba ulipoandikwa upya na haki hizo zikawa zake. Waliozoea kusifu msimamo huu husema hakupenda pesa. Sababu ya kisanaa ni nzito zaidi. Hobbes wa dukani angekuwa kitambaa, na siku angeuzwa, swali la nani anaona sawa lingejibiwa na kiwanda. Vibandiko vya Calvin vinavyoonekana nyuma ya magari huko Marekani havikuwa na idhini yake. Miongoni mwa vitu vichache vilivyoruhusiwa ni kalenda na, mwaka wa 1993, kitabu cha shule cha kufundishia kusoma kilichotumia katuni hizi. Kitabu hicho ni adimu sana leo.

Pigano la pili lilikuwa la nafasi. Katuni ya Jumapili ilikatwa katika visanduku vya vipimo maalumu ili mhariri aweze kutupa safu ya juu akikosa nafasi. Msanii alilazimika kuchora vichekesho viwili ndani ya kimoja, cha kwanza kisiwe na umuhimu. Baada ya mapumziko yaliyoanza Mei 1991, Watterson alirudi Februari 1992 kwa sharti moja: nusu ukurasa mzima, usiokatwa. Wahariri walinung'unika, ingawa wengi waliendelea kununua. Linganisha katuni za kabla na baada. Kurasa za baadaye zina visanduku virefu kama mnazi, vipana kama ufuo, na vingine havina mpaka kabisa. Ni sawa na mshairi aliyefunguliwa mizani.

Kisha akaacha, umaarufu ukiwa kileleni. Mkusanyiko kamili ulitoka 2005 katika vitabu vitatu vizito, na mwaka wa 2014 tamasha la Angoulême nchini Ufaransa likamtunuku tuzo yake kuu, miaka kumi na minane baada ya kuweka kalamu chini.

Katuni ya mwisho ilitoka Jumapili, tarehe 31 Desemba 1995. Theluji imeanguka usiku, na sehemu kubwa ya ukurasa ni nyeupe tupu. Calvin na Hobbes wanabeba kigari cha kutelezea, wanapanda, wanashuka mlimani. Hakuna mtu mzima popote katika ukurasa ule, na kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho Hobbes amechorwa akiwa hai.