Wakili wa waliodhuriwa na zebaki, na swali linalowahusu wachimbaji wa Sekenke

Na Mwandishi Wetu, Singida

WAKILI Richard Meeran wa kampuni ya Leigh Day ya jijini London ametumia zaidi ya miaka 30 kuwatetea watu waliodhuriwa na sumu kazini, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa Afrika Kusini. Kesi iliyompa jina ilihusu zebaki, ambayo pia hutumiwa na wachimbaji wadogo wa Sekenke, wilayani Iramba, kunasia dhahabu.

Kampuni ya Kiingereza ya Thor Chemicals ilikuwa na kiwanda cha kemikali za zebaki mjini Margate. Baada ya wakaguzi kulalamikia wingi wa zebaki katika miili ya wafanyakazi, kazi hiyo ilihamishiwa Cato Ridge, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980. Huko nako wafanyakazi waliugua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi yao walifariki dunia.

Sheria ya fidia ya Afrika Kusini ilimzuia mfanyakazi kumshitaki mwajiri wake. Meeran akaiacha kampuni tanzu na kuishitaki kampuni mama huko London, akidai kuwa ndiyo iliyouhamisha mtambo ule hali ikiyajua madhara yake. Mwaka 1997 wadai 20 walilipwa pauni milioni 1.3 kwa makubaliano nje ya mahakama. Julai 2000, Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliwaruhusu maelfu ya waathirika wa asbesto kuishitaki kampuni ya Cape kwa njia hiyo hiyo.

Sekenke ina historia ndefu: dhahabu yake ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, enzi za Wajerumani. Leo mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huchanganya unga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huchoma donge linalopatikana. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Akiuvuta kwa muda mrefu, mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea na figo huharibika.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ulianza kazi Julai 2015. Hata hivyo, mfuko huo humtazama mwajiriwa. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe hana mkataba, wala hakuna kampuni mama ya kumfuata London. Mbinu ya Meeran, kwa maoni yetu, haifiki hapo.

Ufa uliopo ni mwembamba, lakini upo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo, kwa mfano, amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au amepewa naye vitendea kazi. Mwenye leseni anayetoa karasha na zebaki anaweza kuulizwa mbele ya sheria kama si mwajiri.

Ushahidi nao hausubiri. Zebaki iliyo mkojoni hupungua sana ndani ya miezi michache baada ya mtu kuacha kazi, hivyo anayeugua hana budi kupimwa mapema, na majibu ayahifadhi mwenyewe.