Mshono Udumuo na Mshono Upitao



Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia na kitambaa cheusi cha sufu mkononi. Arusi yake ilikuwa karibu, na fundi alikuwa amemwonyesha picha za mishono mitatu. Akaniuliza, "Mwalimu, nishone upi, ili mwanangu asije akaicheka picha yangu kama nilivyoicheka mimi ile ya baba?" Picha hiyo naijua, maana nami nimo ndani yake. Ilipigwa mwaka 1976: suruali zetu za bugaluu zimefunika viatu, na kosi za makoti zimetanda hata karibu na mabega. Swali lake si la upuuzi. Suti ya arusi hula fedha za mavuno, na mtu wa kijijini hashoni ya pili upesi. Basi naona yafaa tulitazame vazi hili tangu asili yake.

Tuanze Uingereza mwaka 1666. Mwezi wa Septemba moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa London, ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umepigwa na tauni. Mwezi uliofuata mfalme Charles wa Pili aliwaambia washauri wake kwamba ameazimu kuanzisha namna mpya ya mavazi, wala hataibadili kamwe. Habari hii tumewekewa na Samuel Pepys katika kitabu chake cha mambo ya kila siku. Pepys alifanya kazi katika ofisi ya manowari, lakini baba yake alikuwa fundi wa kushona, kwa hiyo macho yake hayakupitwa na vazi. Asema kwamba nia ilikuwa kuwafundisha wakuu uwekevu. Vazi lenyewe lilikuwa kizibao kirefu cheusi chenye kubana mwili, na koti juu yake. Na miguuni, ingawa walihubiri uwekevu, bado walijifunga tepe nyeusi.

Mfalme hakulishika neno lake, kwani baada ya miaka michache alirudia mavazi mengine. Lakini tazama ajabu: tepe zilitoweka, kizibao kikafupishwa mara kwa mara, hata hivyo ule mpango wa koti, kizibao na suruali haukuondoka. Ndio suti tuijuayo hata leo. Alichokitangaza mfalme kuwa cha milele kilipita, na kilichobaki ni kile kilichofaa mwili.

Miaka mia na zaidi ilipopita, Waingereza walijifunza jambo kubwa kuliko amri ya mfalme. Walipenda kukaa mashambani na kupanda farasi, basi wakaacha hariri wakavaa sufu. Nayo sufu ina tabia ambayo hariri haina: hutii mvuke na pasi. Fundi hodari aweza kuinyosha hapa na kuikusanya pale, hata kitambaa kilichokuwa bapa mezani kikaota kifua na mabega. Tangu hapo uzuri wa koti haukutoka tena katika darizi na dhahabu, bali katika mkato. Mtu aliyesifiwa sana kwa mavazi ya namna hii ni George Brummell, aliyependa koti la buluu na shati jeupe safi, basi. Kwa mwenendo hakuwa mtu wa kuigwa, maana mwaka 1816 aliwakimbia wadai wake akaenda Ufaransa, akafa huko fukara mwaka 1840. Lakini katika jambo hili moja alikuwa na akili.

Sasa, msomaji, ukiwa na koti ndani ya sanduku, lilete ulikague. Tazama ukosi ulivyokunjwa kifuani. Zamani koti lilifungwa vifungo hata shingoni. Watu wakazoea kuacha vya juu wazi na kuukunja upande kwa nje, na tundu moja upande wa kushoto limebaki kuwa kumbukumbu. Basi mkunjo ule hauna kazi, waweza kuwa mpana au mwembamba wala koti halidhuriki. Ndiyo sababu kila kizazi huuchezea: miaka ya 1960 ukawa mwembamba, miaka ya 1970 ukapanuka. Bega silo hivyo. Bega lina mfupa, na mshono ukipita mfupa huo koti hujikunja mtu anapoinua mkono. Pale ambapo mwili ndio uamuao kipimo, mtindo hauwezi kwenda mbali. Pale ambapo kitambaa ki huru, hapo hutangatanga, na hapo ndipo picha zetu huchekwa.

Vita vilionyesha jambo hili wazi. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza ilikataza mikunjo ya chini ya suruali ili kuokoa kitambaa. Wanaume wengine wakanunua suruali ndefu kuliko miguu yao ili waikunje nyumbani. Marekani nako sufu ilipunguzwa mwaka huo huo, na wakati huo vijana walipenda suti iitwayo zoot, yenye koti refu, mabega yaliyojazwa, na suruali pana gotini na nyembamba kifundoni. Mwezi wa Juni 1943, katika mji wa Los Angeles, mabaharia na askari waliwapiga vijana, wengi wao wenye asili ya Meksiko, wakawavua suti hizo njiani. Waliopigwa walipigwa kwa ajili ya kitambaa kilichozidi mwili, ingawa chuki ilikuwa ya mambo makubwa kuliko kitambaa.

Kwetu pwani tuna vazi lililokwisha kulitatua jambo hili zamani. Kanzu huning'inia begani, ikashuka. Kitu cha kuchezewa ni darizi ya shingoni tu. Huko Unguja, utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, wengi waliopata uhuru walivaa kanzu na kofia kuwa dalili ya uungwana. Wafanyabiashara wa pwani waliifikisha Buganda katika karne ya 19, na huko wanaume huivaa na koti juu yake katika arusi hata leo. Koti na kanzu vyasikilizana kwa sababu vyote viwili vimeshikwa na bega.

Yule kijana alichagua mshono wa katikati: mkunjo usiofika mbali wala usiokonda, na suruali iliyonyoka. Nikamwomba fundi aache vidole viwili vya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni. Alinung'unika, kwa kuwa alitaka masalio amshonee mwanawe kaptura, lakini aliacha.