Kiasi cha Bunduki

Neno risasi limebebeshwa mzigo mzito kupita uwezo wake. Kwanza ni madini, yale mazito ya kijivu, na hiyo ndiyo maana lililokuja nayo kutoka Kiarabu. Pili ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kumpata mnyama. Tatu ni kitu kizima kinachoingizwa kwenye chemba: ganda, fataki, baruti na kile kipande chenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea. Gazeti likiandika kwamba polisi wamekamata bunduki moja na risasi ishirini, msomaji ameelewa. Sheria ya Tanzania ya 2015 inayosimamia silaha na risasi nayo inaeleweka. Matata huanza pale mtu anapotaka kueleza kwa nini risasi fulani hupenya na nyingine haipenyi, au jinsi ganda lililokwisha kupigwa linavyojazwa upya. Hapo neno moja haliwezi kushika nafasi tatu, na anayechanganya mambo hayo mbele ya baruti anaweza kuumia.

Nayapima maneno yetu kwa mfano mmoja, risasi ya bunduki iitwayo 9.3x62. Haina umaarufu mkubwa. Mtajie mwindaji .375 naye atakueleza habari zake hadi jua litue, mtajie 9.3x62, huenda akauliza ni kitu gani. Lakini hiyo ndiyo iliyoundwa kwa kuzifikiria nchi zetu. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliwakusudia walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, yakiwemo maeneo ambayo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Wengi wao hawakuweza kumudu bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, zilizotengenezwa kwa mkono na kuuzwa kwa bei ya juu. Walitaka bunduki moja ya kupatia kitoweo cha swala, na hiyohiyo iweze kumkabili mbogo.

Bunduki ya Mauser ya 1898 ilikuwa tayari, imara na ya bei nafuu. Bock aliunda ganda litakaloingia katika Mauser ya kawaida bila kurefusha magazini. Ukingo wa kitako chake ni sawa na ule wa risasi ya jeshi la Ujerumani la wakati huo. Urefu umeongezwa kidogo na mdomo umepanuliwa. Mshindani wake mkubwa, .375 ya Holland & Holland, alitoka 1912 akiwa na ganda la zaidi ya milimita 72, na kwa hiyo alidai bunduki iliyorefushwa, yenye gharama zaidi. Historia ikamsaidia mshindani. Ujerumani ilipoteza makoloni yake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaja na vipimo vyao. Hata hivyo John Taylor, mwindaji aliyeishi miaka mingi Msumbiji, aliizungumzia 9.3 kwa heshima katika kitabu chake cha 1948 kuhusu bunduki za Afrika. Ulaya nako 9.3 haikutoweka: Wajerumani huitumia kuwinda nguruwe pori, na Waswidi kumwinda elki, kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini.

Jina lake ni tarakimu tupu, nami nalipenda kwa sababu hiyo. Namba ya kwanza ni kipenyo cha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Ukiligeuza ganda la kiwanda cha Ulaya na kutazama kitakoni, utazikuta zimegongwa kuizunguka fataki, mara nyingi kwa mkato mahali pa nukta: 9,3x62. Humo hamna jina la kampuni wala neno la sifa. Fundi aliyesoma vipimo hivyo ameshaambiwa nusu ya mambo anayotakiwa kuyajua.

Kipenyo hicho ndicho tunachokiita kaliba. Neno limetufikia kutoka Ulaya na limeota mizizi hadi kwenye siasa, ambako husemwa kuwa hatujapata kiongozi wa kaliba ya fulani. Wataalamu wengi wa asili za maneno huona kwamba Wazungu nao walilitoa kwenye Kiarabu, katika neno la umbo la kusubia madini. Umbo hilo Waswahili walikuwa nalo zamani, wakaliita kalibu. Basi kaliba na kalibu ni ndugu waliopita njia mbili kufika nyumba moja. Kaliba ni kipimo, kalibu ni kifaa, na mtu anayejaza maganda kwa mkono anawahitaji wote wawili.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Ganda lililopigwa limetanuka na kushika umbo la chemba. Husafishwa, kisha hukaguliwa, hasa sehemu iliyo juu kidogo ya kitako. Mstari mwembamba unaong'aa hapo ni dalili kwamba shaba imechoka, na ganda hilo hutupwa. Lililo zima hupakwa mafuta kidogo na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma, inayolirudisha kwenye umbo lake na kuitoa fataki iliyolipuka. Likizidi milimita 62 hupunguzwa mdomoni. Fataki mpya hukandamizwa katika tundu lake hadi izame kidogo chini ya usawa wa kitako. Kisha huja mizani. Baruti hupimwa kwa punje, kipimo cha kale cha Waingereza ambacho punje moja haifiki gramu 0.065. Mwisho kichwa hukalishwa mdomoni mwa ganda, na urefu wa jumla hautakiwi kuvuka milimita 83.6.

Hakuna hatua hata moja hapo inayokosa neno la Kiswahili, kwa sababu kazi ya kujaza bunduki ni ya kale kwetu kuliko bunduki ya Bock. Mwenye gobore alimimina baruti, akatia marisau, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki. Neno moja tu kati ya hayo linapaswa kubaki kwenye gobore, nalo ni kushindilia, kwa maana lina nguvu ya mkono ndani yake. Hapa kinachotakiwa ni kujaza kwa kupima. Kwa hiyo nasema kujaza maganda upya, na siiti kazi hii kushindilia.

Na kitu kizima kinachopatikana baada ya kazi hiyo kiitweje? Kamusi za kale zina jibu: kiasi cha bunduki, wingi viasi. Zamani baruti ya mpigo mmoja ilipimwa na kufungwa katika karatasi pamoja na risasi yake, na kila kifurushi kilikuwa kipimo cha mpigo mmoja. Karatasi imekuwa shaba, lakini maana imebaki palepale. Neno hilohilo ndilo tunaloambiana mezani na barazani, tule kwa kiasi, tuseme kwa kiasi. Sijui neno lolote linalofaa zaidi kwa kazi ambayo kosa lake kubwa ni kuzidisha.

Kuzidisha huko kuna kipimo. Baruti ikiwaka ndani ya ganda hutoa gesi, na gesi husukuma pande zote. Walimu wetu wa fizikia huita msukumo huo kanieneo, yaani kani juu ya eneo, na katika istilahi zilizoundwa nchini hili ni mojawapo ya zile ninazozionea fahari: limejieleza lenyewe. Kwa vipimo vya Ulaya, kanieneo ya 9.3x62 haitakiwi kuvuka baa 3,900. Anayejaza huanzia chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa watengenezaji wa baruti, hupanda kidogo kidogo, na kusimama mara aonapo fataki imebonyea na kuwa bapa au bolti imekuwa nzito kufunguka. Joto pia huongeza kanieneo, hivyo kiasi kilichopimwa wakati wa baridi ya Ulaya hakistahili kuaminiwa bila kujaribiwa kwenye jua la Tabora. Ujerumani hakuna kununua baruti ya kazi hii bila kozi na kibali chini ya sheria ya vilipuzi. Mahali popote, kibali kwanza, mizani baadaye.

Sasa twende porini, ambako sifa ya kiasi hiki inaonekana. Bock alianza na kichwa cha gramu 18.5 kikienda takriban mita 650 kwa sekunde. Viasi vya leo hukitoa kichwa cha uzito huo kwa takriban mita 720, chenye nishati ya karibu juli 4,800. .375 huizidi: gramu 19.4 kwa takriban mita 770, juli zaidi ya 5,700. Wanaobishana kwa juli huishia hapo. Lakini kuna kipimo cha tatu, uzito wa kichwa ukilinganishwa na mraba wa kipenyo chake. Kwa mfano wa kanieneo, nakiita uzitoeneo. Vichwa hivyo viwili vina uzitoeneo ulio sawa kabisa, 0.305 kwa hesabu ya pauni na inchi. Kichwa kirefu na kizito kwa upana wake huendelea mbele kikikutana na mfupa; chepesi na kipana husimama mapema. Ndiyo sababu 9.3x62 hupenya kuliko wengi wanavyoitarajia, na teke lake begani ni la kuvumilika, jambo linalomsaidia mpigaji kulenga bila kufumba macho.

Umbile la kichwa nalo lina maneno. Wawindaji wetu husema solidi na softi. Softi ina ncha laini inayotanuka ndani ya mwili mfano wa uyoga, na humfaa pofu, kongoni au tandala. Solidi haitanuki, hupita moja kwa moja, na huachiwa wanyama wenye ngozi nene na mifupa mizito. Mbogo aliyepigwa softi nyepesi pembeni hukimbilia kichakani akiwa na jeraha, na atakayemfuata ndiye atakayelipa.

Sheria nazo huchagua neno la kupimia, na uchaguzi huo una matokeo. Nchi kadhaa za Afrika zimeweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari, nayo inaizidi 9.3 kwa chini ya robo ya milimita. Zimbabwe hupima kwa njia mbili: kwa tembo na mbogo inataka kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nishati isiyopungua kilojuli 5.3. 9.3x62 hupita kwenye kipenyo, na kwa viasi vya kawaida hushindwa kwenye nishati. Mtu asijaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza baruti, kwa sababu baa 3,900 hazijali sheria ya nchi gani inasomwa. Kwa mbogo wa Zimbabwe, achukue bunduki kubwa zaidi.

Kwa hiyo napendekeza kwa wanaoandika miongozo ya mafunzo ya wanyamapori, kuanzia chuo cha Mweka hadi cha Pasiansi: kiasi kwa kitu kizima, ganda kwa shaba, kichwa kwa kinachoruka, risasi kwa madini na kwa mazungumzo ya kawaida. Kaliba iwe kipenyo tu, isibebeshwe nguvu. Juu yake yaongezwe kanieneo na uzitoeneo. Maneno hayo yakishikwa, ubishi wa bunduki ipi inatosha utageuka kuwa swali la kipimo kipi kinahesabiwa, na swali hilo mizani na rula huweza kulijibu.