Injini Iliyofumuliwa Ipimwe Wapi?

Kanuni nyingi za kupima injini ziliandikwa kwa ajili ya viwanda, na kiwanda hupima injini moja ili kuzisemea maelfu zinazofanana nayo. Ndiyo maana maabara hulazimika kufuta kila kinachotofautisha siku na siku, mahali na mahali. Kiwango cha ISO 1585, kwa mfano, hutaka nguvu iliyopimwa isahihishwe kana kwamba hewa ilikuwa na joto la nyuzi 25 na shinikizo la kilopaskali 99. Usahihisho huo una maana kwa anayelinganisha injini ya Japani na ya Ujerumani. Nairobi, ambako mwinuko wa takriban mita 1,700 hupunguza shinikizo la hewa kwa karibu moja ya tano, usahihisho huo unaifuta hali ileile ambamo injini itafanya kazi.

Injini iliyofumuliwa haisemei nyingine yoyote. Bloku imechongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, krenki imesagwa na kuvishwa beringi za saizi yake, lakini pampu ya oili huenda ni ileile ya zamani, na rejeta imezibuliwa tu. Mwenye gari haulizi aina hii ya injini ina nguvu kiasi gani. Anauliza kama hii yake, pamoja na vikuukuu vilivyobaki ndani, itastahimili. Kwa swali hilo barabara ni kipimo bora kuliko benchi ya kupimia injini, mradi vipimo vichukuliwe.

Tuchukue basi dogo la petroli kwenye mlima Kitonga, njia ya Iringa. Linapanda kwa gia ya chini, limejaa abiria, na kwa kuwa mwendo ni mdogo, rejeta inategemea feni peke yake. Gasketi ya hedi iliyokazwa vibaya haina pa kujificha hapo. Kushuka ni mtihani mwingine kabisa. Dereva akiachia mafuta na kulishikilia gari kwa gia, kipepeo cha hewa hufunga, mvuto mkali hujengeka kwenye manifoldi, na oili hufyonzwa kupitia sili za valvu zilizochoka. Akikanyaga mafuta tena, ekzosi hutoa moshi wa buluu. Benchi ya breki ya maji haiwezi kuonyesha jambo hilo, kwani hubeba nguvu ya injini tu. Haina uwezo wa kuizungusha.

Watetezi wa maabara watajibu kwamba barabara hairudiwi: leo mvua, kesho foleni. Ni kweli, na fundi anayezunguka mtaa mara moja akitega sikio hajapima kitu. Lakini kasoro hiyo ni ya kukosa vifaa. Kashfa ya Volkswagen ya 2015, ya magari ya dizeli yaliyofaulu maabara lakini yakachafua hewa barabarani, hutajwa mara nyingi kama ushindi wa barabara dhidi ya maabara. Mimi naisoma tofauti kidogo. Watafiti wa West Virginia University walifunga mitambo ya kupima moshi ndani ya magari yenyewe, wakakuta Jetta moja ya kampuni hiyo ikitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Bila mitambo hiyo, barabara za California walikopimia zisingesema lolote.

Gereji haihitaji mitambo ya gharama hiyo. Geji ya presha ya oili injini ikiwa ya moto, kipimajoto cha maji, na kijiti cha oili kinachosomwa kabla na baada ya safari ileile vinatosha kuanzia, ilimradi namba ziandikwe na mteja apewe nakala.

Benchi naibakishia saa za kwanza. Ringi mpya hukaa kwa kusukumwa na gesi ya mwako dhidi ya kuta za silinda, na desturi ya kuiacha injini ingurume silensa kutwa nzima huzing'arisha kuta hizo kabla ringi hazijakaa. Mzigo wa wastani unaodhibitiwa ni salama zaidi kwenye benchi kuliko barabarani. Na kwa injini ya jenereta au ya pampu ya umwagiliaji, hoja yangu haina nguvu: mzigo wake haubadiliki sana, na benchi huuiga vizuri.